Wanaougua na Wanaokufa: Jinsi ya Kuisoma Ramani ya Saratani ya Utumbo Mpana



Mwaka 2011 shirika moja la hisani nchini Uingereza lilitoa ramani iliyowashtua watu. Nchi ilikuwa imegawanywa kwa mamlaka za serikali za mitaa, na kila eneo likawekewa kiwango chake cha vifo vinavyotokana na saratani ya utumbo mpana. Rossendale, wilaya ndogo ya Lancashire, ilikuwa na vifo takriban 9 kwa mwaka katika kila watu 100,000. Glasgow, jiji kubwa kuliko yote Scotland, lilikuwa na takriban 31. Wastani wa nchi nzima ulikuwa kati ya 17 na 18. Vyombo vya habari vikatangaza kwamba hatari ya kufa kwa ugonjwa huu inatofautiana mara tatu kutegemea mtu anaishi wapi, na msomaji wa kawaida akahitimisha kuwa zipo hospitali zinazookoa watu na zipo zinazowaacha wafe.

Nataka tukae na ramani hiyo jioni ya leo, kwa sababu mazungumzo ya namna hiyo hayako Uingereza tu. Kenya, watu wanaulizana kila siku kwa nini saratani imeshamiri kaunti fulani. Tanzania, kwa miaka mingi umekuwapo mjadala kuhusu Kanda ya Ziwa na wagonjwa wake wanaofikishwa Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam. Mara nyingi mjadala huo umeendeshwa kwa kuhesabu wagonjwa waliofika hospitalini bila kuuliza kanda hiyo ina watu wangapi, ilhali ni miongoni mwa kanda zenye watu wengi zaidi nchini. Uchungu wa wanaouliza ni wa kweli. Ndiyo maana wanastahili hesabu iliyo sahihi.

Tuanze na Rossendale. Mwaka huohuo wa 2011, mtu aitwaye Paul Barden alizichukua takwimu zilezile za vifo na kuzichora upya, na daktari na mwandishi Ben Goldacre akaieleza kazi hiyo katika gazeti la Guardian. Barden hakupanga maeneo kuanzia bora hadi baya. Aliyapanga kwa wingi wa wakazi, kisha akachora mipaka ya tofauti ambazo sadfa peke yake inaweza kuzileta. Mchoro wa aina hiyo huwa na umbo la faneli: mpana upande wa maeneo madogo, mwembamba upande wa maeneo makubwa. Mtakwimu David Spiegelhalter alikuwa amekwisha kuonyesha, mwaka 2005, jinsi ya kuutumia kulinganisha taasisi za afya.

Hesabu yenyewe tunaweza kuifanya hapa. Chukua wilaya ya wakazi 70,000 katika nchi ambayo kiwango cha vifo ni 18 kwa kila watu 100,000. Tunatarajia vifo 12 au 13 kwa mwaka. Lakini vifo havina ratiba. Mwaka mmoja vinaweza kuwa 6, mwaka mwingine 19, bila daktari yeyote kuzembea na bila mtu yeyote kubadili mlo wake. Vifo 6 katika watu 70,000 ni kiwango cha karibu 9 kwa 100,000. Vifo 19 ni kiwango cha 27. Tofauti ya mara tatu imepatikana ndani ya wilaya moja, kwa sadfa tupu. Sasa chukua jiji la watu 600,000. Tunatarajia vifo 108, na sadfa haitavisukuma mbali sana: vitacheza kati ya 87 na 129 hivi, yaani kiwango cha kati ya 14 na 22. Kwa hiyo wilaya ndogo ndizo zitakazojaza kilele cha orodha, na wilaya ndogo hizohizo ndizo zitakazojaza mkia wake. Barden alipochora mchoro wake, karibu maeneo yote yaliangukia ndani ya mipaka. Rossendale haikuwa na muujiza wowote. Glasgow, hata hivyo, ilibaki nje ya mipaka, na nje kabisa. Jiji lenye watu wengi kiasi kile halifiki 31 kwa sadfa. Pale palikuwa na jambo la kuchunguza.

Hapo ndipo swali langu la leo linapoanza. Tukishaondoa kelele za sadfa, na tukishasawazisha umri, maana mji wa wastaafu utakuwa na saratani nyingi kuliko mji wa wanafunzi, tunabaki na tofauti za kweli. Tofauti hizo zinasema nini? Kiwango cha vifo kimebeba mambo mawili yaliyofungwa pamoja: ni wangapi wanaougua, na miongoni mwa waliougua ni wangapi wanaoshindwa na ugonjwa. Fikirieni wilaya mbili zenye idadi sawa ya watu, kila moja ikizika watu 20 kwa mwaka kwa saratani hii. Ya kwanza ina wagonjwa wapya 60 kwa mwaka, ya pili ina 30. Kwenye ramani ya vifo zitapakwa rangi moja. Lakini ya kwanza inapoteza mmoja kati ya watatu, na ya pili wawili kati ya watatu. Ile ya kwanza inahitaji watu wa kuchunguza vyakula, sigara, pombe na uzito wa wakazi wake. Ile ya pili inahitaji vipimo, wapasuaji na barabara ya kufikia hospitali. Waziri atakayezipelekea zote mbili fungu moja la fedha kwa kazi ileile atakuwa amekosea angalau katika wilaya moja.

Upande wa kuugua nitaupita haraka, si kwa sababu ni mdogo, bali kwa sababu umezungumzwa sana. Umri ndio sababu kubwa. Kisha kuna urithi katika baadhi ya familia, unene, pombe, tumbaku, uhaba wa nyuzinyuzi katika mlo, na nyama zilizosindikwa, ambazo Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliziweka mwaka 2015 katika kundi la vitu vinavyojulikana kusababisha saratani kwa binadamu. Pale ambapo mambo hayo yanatofautiana sana, wagonjwa wapya watatofautiana sana, na vifo vitafuata. Wenyeji wa asili wa Alaska wana viwango vya juu mno vya ugonjwa huu na vya vifo vyake vilevile. Kwao ramani mbili zinafanana.

Penye mafunzo zaidi ni pale ramani mbili zinapoachana. Katika Uingereza yenyewe, uhusiano kati ya umaskini wa eneo na idadi ya wagonjwa wapya wa saratani hii ni hafifu. Kwa wanawake karibu haupo. Lakini maskini akishaugua, nafasi yake ya kupona ni ndogo kuliko ya mwenye nacho. Wote wana huduma ya afya isiyolipiwa mlangoni, basi tofauti inatoka wapi? Sehemu yake ni wakati wa kugunduliwa. Mgonjwa aliyegunduliwa katika hatua ya kwanza ana uwezekano wa zaidi ya asilimia 90 wa kuwa hai baada ya miaka mitano. Aliyegunduliwa hatua ya nne ana takriban asilimia 10. Katika miaka ya 2006 hadi 2010, karibu robo ya wagonjwa wa saratani hii nchini England waligunduliwa kwa dharura: utumbo umeziba, mtu anatapika, anakimbizwa hospitali usiku. Hao wengi wao ndio wanaokufa mapema. England ilipoanza mwaka 2006 kuwatumia watu wenye umri wa miaka 60 hadi 69 kipimo cha kinyesi kwa posta, ili wachukue sampuli nyumbani na kuirudisha, katika maeneo tajiri zaidi asilimia 61 waliitikia. Katika maeneo maskini zaidi, asilimia 35. Bahasha ni ileile, haina gharama, nayo ilifika kwenye kila mlango. Jambo hili hunisumbua kuliko mengi mengine niliyosoma katika taaluma hii, kwa sababu linaonyesha kwamba kutoa huduma bure hakutoshi kuwafikia watu.

Kipimo hicho si cha kudharauliwa. Jaribio kubwa la Minnesota, lililochapishwa mwaka 1993 na lililohusisha watu zaidi ya 46,000, lilionyesha kwamba kupima damu iliyojificha kwenye kinyesi kila mwaka kulipunguza vifo vya saratani hii kwa asilimia 33. Majaribio ya Nottingham na ya Funen nchini Denmark, yaliyopima kila baada ya miaka miwili na kuchapishwa mwaka 1996, yalipata punguzo la asilimia 15 na 18. Sababu ya mafanikio hayo ni tabia ya ugonjwa wenyewe. Saratani nyingi za utumbo mpana huanza kama vinyama vidogo vinavyoota kwenye ukuta wa utumbo, na huchukua miaka, mara nyingi kumi au zaidi, kabla ya kugeuka kuwa hatari. Saratani chache hutupa muda mrefu kiasi hicho wa kuzitangulia.

Mfano ninaoupenda kuliko yote unatoka Delaware, jimbo dogo la mashariki mwa Marekani. Lakini kwanza historia kidogo ya Marekani nzima. Mpaka karibu mwaka 1980, Wamarekani weusi hawakuwa wakifa kwa saratani hii zaidi ya weupe. Pengo lilifunguka baadaye, wakati uchunguzi na tiba vilipoboreka na kuwafikia weupe kwanza. Hilo linapaswa kumnyamazisha yeyote anayedai kuwa pengo hilo limo katika damu au katika mbari. Damu haibadiliki katika kizazi kimoja.

Kuanzia mwaka 2002 na 2003, Delaware iliamua kulishughulikia pengo hili kama jimbo zima. Walilipia uchunguzi wa watu wasio na bima. Waliajiri wauguzi wa kumwongoza kila mtu, kuanzia kumtafuta nyumbani hadi kumhakikishia usafiri na miadi. Kisha walifanya jambo ambalo mipango mingi husahau: walilipia pia matibabu ya yule atakayekutwa na saratani. Maana ni ukatili kumwambia mtu asiye na kitu kwamba ana saratani na kumwacha hapo mlangoni.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2013, nami nitayasoma polepole. Mwaka 2002, asilimia 48 ya watu weusi waliostahili uchunguzi walikuwa wamefanyiwa. Mwaka 2009 walikuwa asilimia 74, sawa na weupe. Weusi waliogunduliwa saratani ikiwa imekwisha kusambaa nje ya utumbo walishuka kutoka asilimia 79 hadi 40. Kiwango cha wagonjwa wapya weusi kilishuka kutoka karibu 67 kwa kila watu 100,000 hadi 44, na cha weupe kutoka 58 hadi 43. Kiwango cha vifo vya weusi kilishuka kutoka 31 hadi 18. Cha weupe kilishuka kutoka 19.5 hadi karibu 17.

Tazameni jinsi safu mbili zilivyokwenda. Wagonjwa wapya weusi walipungua kwa theluthi moja, kwa sababu vinyama viliondolewa kabla ya kuwa saratani. Vifo vyao vilipungua zaidi ya hapo, asilimia 42, kwa sababu waliougua waligunduliwa mapema. Kama mngeona vifo peke yake mngejua kwamba jambo jema limetokea, lakini msingejua ni lipi, wala msingeweza kuliiga kwingine.

Hapa nitoe tahadhari mbili, kwa sababu nimeona wataalamu wakiteleza. Ya kwanza: uchunguzi unapoanza katika eneo, idadi ya wagonjwa wapya hupanda kwanza, kwa kuwa zinagunduliwa saratani zilizokuwa zimejificha. Hupungua baadaye. Kwa hiyo wilaya yenye wagonjwa wengi wapya inaweza kuwa wilaya inayofanya kazi yake vizuri, na mganga mkuu wake asilaumiwe kabla ya kuulizwa. Ya pili: asilimia ya walio hai baada ya miaka mitano inaweza kutudanganya. Mtu ambaye angefariki akiwa na miaka 70, akigunduliwa akiwa na 68 atahesabiwa kuwa ameishi na saratani miaka miwili. Akigunduliwa na 63, atahesabiwa miaka saba, hata kama tarehe ya kifo chake haikusogea kwa siku moja. Kiwango cha vifo katika jamii nzima hakidanganyiki kwa njia hiyo. Ndiyo sababu siombi tuviache vifo. Naomba tusivisome vikiwa peke yake.

Sasa turudi kwetu. Denis Burkitt, mpasuaji wa Ireland aliyefanya kazi Uganda tangu mwaka 1946 na kwa miaka mingi Hospitali ya Mulago, aligundua kwamba magonjwa ya utumbo yaliyojaa katika wodi za Ulaya yalikuwa adimu katika wodi zake. Aliwaandikia madaktari wa hospitali nyingi za misheni barani Afrika akiwauliza wanaona nini, na mwaka 1971 akachapisha hoja yake maarufu kwamba mlo wenye nyuzinyuzi nyingi huwakinga watu na saratani ya utumbo mpana. Hoja hiyo imeendelea kuheshimiwa. Mwaka 2015 kundi la Stephen O'Keefe lilibadilishana milo kwa wiki mbili kati ya Wamarekani weusi 20 wa Pittsburgh na wakazi 20 wa vijijini Afrika Kusini, na ndani ya muda huo mfupi dalili za hatari kwenye utumbo ziligeuka: zilipungua kwa Wamarekani waliokula ugali na maharage, zikaongezeka kwa wenzao waliokula nyama na mafuta.

Nampa Burkitt heshima yake. Lakini uchache aliouona ulikuwa uchache wa wagonjwa waliofika hospitali, na watu wa Afrika Mashariki wakati ule, kama sasa, walikuwa wengi wao vijana. Uchache huo ulituachia faraja ambayo imetugharimu. Kwa muda mrefu tumeambiana kuwa hii ni saratani ya wazungu, na wanafunzi wa udaktari wakafundishwa kuifikiria mwisho. Mtu wa makamo anaona damu kwenye choo, anaambiwa ni bawasiri. Anapewa dawa ya kupaka, au dawa ya amiba, au anakwenda kwa mganga wa mitishamba, na mwaka unapita. Madaktari wa Hospitali ya Bugando, Mwanza, wameandika kwamba wagonjwa wao wengi wa saratani hii hufika ugonjwa ukiwa umekomaa.

Mwaka 2010 ulichapishwa utafiti uliolinganisha maisha ya wagonjwa wa saratani katika nchi kadhaa za Afrika, Asia na Amerika ya Kati. Uganda iliwakilishwa na Rejesta ya Saratani ya Kampala, kazi iliyoanzishwa Makerere katika miaka ya 1950 na mojawapo ya hazina kubwa za elimu hii barani. Ukiondoa saratani ya matiti, hakuna saratani hata moja nchini Uganda ambayo wagonjwa waliokuwa hai baada ya miaka mitano walizidi asilimia 13. Linganisheni na saratani ya utumbo mpana Uingereza, ambako zaidi ya nusu huwa hai. Tunaugua kidogo, na tukiugua tunakufa. Ramani ya vifo peke yake haitaonyesha hilo hata siku moja, kwa sababu uchache wa wagonjwa utalifunika, na Afrika Mashariki itaonekana mahali pazuri.

Kuna jambo zito zaidi. Tunaposoma makadirio ya kimataifa ya vifo vya saratani kwa nchi zetu, tusidhani kuwa kuna mtu aliyevihesabu vifo hivyo. Vifo vingi vijijini havipati cheti chenye sababu iliyothibitishwa na daktari. Watakwimu huchukua idadi ya wagonjwa wapya kutoka rejesta chache zilizopo, za Kampala, Nairobi, Eldoret na nyinginezo, huipanua kwa nchi nzima, kisha huizidisha kwa makadirio ya uwezekano wa kufa. Wanafanya hivyo kwa uangalifu na kwa uwazi, na hakuna njia bora kwa sasa. Lakini maana yake ni kwamba uhusiano kati ya wagonjwa wapya na vifo, ambao ndio swali letu la leo, kwetu sisi umewekwa na hesabu badala ya kuonekana kwa macho. Mkoa ukifanya kazi kubwa ya kuwagundua wagonjwa mapema, takwimu hizo hazitaujua. Mkoa ukiwatelekeza, hazitaujua pia.

Miji yetu inabadilika. Vyakula, uzito na umri wa watu vinasogea upande mmoja, na wagonjwa wapya wataongezeka. Hilo sioni jinsi ya kulikwepa katika kizazi hiki. Delaware imeonyesha kwamba vifo si lazima vifuate. Lakini Delaware iliweza kuonyesha hivyo kwa sababu ilijua kila mgonjwa aligunduliwa katika hatua gani na nini kilimpata. Kwa hiyo ombi langu kwa wizara zetu, na kwa hospitali za rufaa ambazo wakuu wake baadhi wamo humu ukumbini, ni dogo kwa gharama. Fomu ya rejesta ya saratani ijazwe hatua ya ugonjwa siku mgonjwa anapogunduliwa. Namba ya simu ya mgonjwa na ya ndugu yake ziandikwe. Na baada ya mwaka mmoja, kisha baada ya miaka mitano, karani apewe muda wa maongezi apige simu hizo na kuandika kama mgonjwa yu hai, na kama hayupo, tarehe aliyofariki.